Matuta ya Uluguru na maji ya bombani kwangu

Nimekuwa kimya kidogo, mnisamehe. Nilikuwa Morogoro. Nilialikwa kuripoti semina ya viongozi wa vijiji na kata: wenyeviti, watendaji, madiwani wachache na mabwana shamba wawili waliokaa nyuma kabisa karibu na mlango. Mada ilikuwa ndefu kuliko bango lenyewe lililoandikwa, lakini kwa kifupi walitakiwa kuelezwa namna mtu anavyotumia ardhi huko juu mlimani inavyoharibu au kutengeneza maji huku chini.

Mtoa mada alikuwa kijana mwenye laptopu na projekta. Akaonyesha slaidi ya sheria: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, hakuna shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Akaisoma mara mbili. Mzee mmoja, mwenyekiti wa kijiji, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, samahani. Shamba langu kutoka mtoni mpaka kwa ndugu yangu ni hatua hamsini. Hizo mita sitini nikazipimie kwa nani?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mtoa mada naye akacheka, akasema swali ni zuri sana na tutalirudia. Ikaja chai. Baada ya chai ikaja slaidi nyingine. Swali halikurudiwa.

Jioni nikamfuata mzee nje, akiwa anasubiri posho pamoja na wenzake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye wa magazeti?"

Nikamwambia ndiyo, nikamuuliza semina ameionaje. Akaniangalia kama anayepima kama nastahili jibu. "Haya tulishafundishwa," akasema. "Baba yangu alilipa faini kwa ajili ya haya haya. Wakati wa matuta."

Nilitikisa kichwa kama mtu anayeelewa. Uongo mtupu. Sikujua wakati wa matuta ni wakati gani. Mimi nimesoma historia mpaka kidato cha sita, nawajua Bismarck na Garibaldi, najua Bastille ilivamiwa lini, lakini matuta ya Uluguru, milima ambayo naiona kila nikipita na basi, sikuwa nayajua. Ndiyo maana niliporudi Dar nilishinda maktaba siku tatu. Haya ninayoandika ni matunda ya aibu hiyo.

Kwanza, kwa nini sisi wa Dar yatuhusu. Maji mengi ya mabomba ya jiji hili yanatoka Mto Ruvu, na Ruvu unazaliwa Uluguru. Mtambo wa Ruvu Juu, pale Mlandizi, ulianza kazi mwaka 1959. Ule wa Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo, ukafuata mwaka 1976. Baada ya upanuzi wa miaka ya karibuni, wa Juu umejengwa kutoa lita milioni 196 kwa siku na wa Chini lita milioni 270. Kwa hiyo ukifungua bomba Kimara au Mbezi, ujue umefungua mlima.

Na mlima huo unalimwa. Si kosa la mtu, watu wameishi kule vizazi na vizazi. Lakini angalia kinachotokea. Tone la mvua likianguka msituni linapokelewa na majani, halafu na matawi, halafu na takataka zilizooza chini, linazama taratibu, na baada ya siku au miezi linatokea kwenye chemchemi likiwa safi. Tone hilo hilo likianguka kwenye shamba lililochomwa moto na kuachwa wazi mwezi wa tatu, linapiga udongo kama nyundo ndogo. Udongo unapasuka, unaziba vitundu vyake, maji hayazami tena. Yanateremka. Kwenye mteremko mkali kama wa Matombo au Mgeta yanateremka yamebeba shamba lenyewe, pamoja na mbolea na kinyesi na chochote kilichokuwa juu. Masika mto unakuwa rangi ya chai ya maziwa, kiangazi unakuwa kamba nyembamba, kwa sababu maji ambayo yangepaswa kuhifadhiwa ndani ya mlima yalishakimbilia baharini.

Kule mtamboni tope lazima litolewe. Inawekwa dawa ya shabu, ile ile ambayo bibi zetu waliitumbukiza mtungini, tope linashikana na kuzama, kisha maji yanachujwa na kuwekwa klorini. Tope likizidi, dawa inazidi, machujio yanaziba haraka, gharama inapanda. Hakuna muujiza hapo.

Sasa turudi nyuma. Waingereza waliliona jambo hili mapema, hilo niwape. Katika miaka ya 1930 na 1940 hofu ya mmomonyoko ilikuwa imewaingia maofisa wa makoloni karibu kila mahali, hasa baada ya Marekani kupata dhoruba zake za vumbi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Tanganyika ikajaa mipango: Mlalo kule Usambara mwaka 1946, Usukuma mwaka 1947, na mnamo mwaka 1950 zamu ya Uluguru ikafika. Waliuita mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru. Wananchi wakauita kwa kile walichokiona machoni na kukisikia mgongoni: matuta.

Amri zilikuwa kadhaa. Usichome moto shamba. Usilime kando ya mto. Usilime mteremko mkali kupita kiasi. Na kubwa kuliko zote, chimba matuta ya ngazi, yaani ukate mlima vidaraja vidaraja, udongo wa juu uupindue uende chini na wa chini uje juu, mpaka shamba liwe kama viti vya uwanja wa mpira.

Nani alipeleka amri hizi? Hapa ndipo hadithi ya semina yetu inapoanzia. Mwaka 1926 Gavana Donald Cameron alikuwa ameweka sheria ya kutawala kwa kupitia wenyeji. Shida ni kwamba Waluguru hawakuwa na mfalme mmoja wa nchi nzima. Ni watu wa ukoo wa mama, ardhi ilikuwa mikononi mwa wakuu wa koo, kila ukoo na milima yake. Serikali ikawatengenezea ngazi: sultani juu, chini yake wandewa, chini yao majumbe. Wakati wa matuta sultani alikuwa Sabu bin Sabu. Bwana shamba wa Kizungu alimwambia bwana DC, DC akamwambia sultani, sultani akamwambia mndewa, mndewa akamwambia jumbe, na jumbe akaenda kumwambia shemeji yake kwamba asipochimba atashtakiwa kwenye baraza la wenyeji na kupigwa faini.

Hebu fikiria nafasi ya jumbe huyo. Mshahara wake unatoka serikalini. Heshima yake inatoka kwa watu wa ukoo wake. Amepewa kazi ya kueleza jambo ambalo yeye mwenyewe hajaelezwa likamwingia. Anaijua faini kuliko anavyoijua sababu.

Kuna kitu kingine nilikikuta nikashtuka kidogo. Wale mliosoma Mzumbe mtanielewa. Chuo kile, kabla hakijawa IDM mwaka 1972 na chuo kikuu mwaka 2001, kilianzishwa mwaka 1953 kama shule ya serikali za mitaa, kuwanoa machifu, watumishi wa mamlaka za wenyeji, madiwani na mahakimu. Mwaka 1953, nje kidogo ya mji wa Morogoro, katikati ya miaka ile ile ya matuta. Yaani mkoloni alikuwa anajua kabisa kwamba kiongozi wa mtaa anahitaji kufundishwa. Kilichofika kwa mkulima kule juu, hata hivyo, kilifika kama amri.

Na amri yenyewe ilikuwa na kasoro ambayo haikurekebishwa kwa faini. Udongo wa Uluguru sehemu nyingi ni mwembamba. Rutuba iko kwenye sentimita chache za juu. Ukichimba tuta la ngazi kwa kufuata kitabu, unazika chakula cha mmea na kuleta juu udongo mwekundu usio na kitu. Watu walichimba, wakapanda, wakavuna kidogo kuliko jirani ambaye hakuchimba. Mkulima haihitaji projekta kuona hilo. Tena walikuwa na njia zao. Upande wa Mgeta, watu walikuwa wakikwangua magugu na mabaki ya mazao, wanayapanga kwa mistari inayokata mteremko na kuyafukia, vingazi vidogo vyembamba vinavyooza na kuwa mbolea huku vikishika udongo. Maofisa walilitaka tuta la kitabuni.

Juu ya hapo kulikuwa na hofu ya ardhi. Katika utaratibu wa koo, mtu anaweza kulima shamba la ukoo mwingine kwa ruhusa. Akishalichimbia matuta kwa jasho lake, ni la nani? Na wengine walijiuliza swali ambalo ningejiuliza hata mimi: hawa Wazungu wanaotulazimisha kupendezesha mlima, wanampendezeshea nani? Tusisahau ni miaka ambayo Wameru walikuwa wamefukuzwa Ngare Nanyuki, mwaka 1951, kuwapisha walowezi. Hofu haikutoka hewani.

Mwezi wa saba mwaka 1955 mambo yakalipuka Matombo. Watu wakakusanyika kuyakataa matuta, mawe yakarushwa, polisi wakafyatua risasi. Mtu mmoja akauawa. Matuta ya lazima yakafa mwaka huo huo, na mengi yaliyokuwa yamechimbwa yakaachwa yabomoke. TANU ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, na kati ya waasisi wake 17 mmoja alikuwa mtu wa Uluguru, Patrick Kunambi. Si vigumu kuelewa chama kilipataje wanachama milimani.

Hayakuwa ya Uluguru peke yake. Murang'a, Kenya, wanawake waligoma kuchimba matuta mwaka 1948. Usambara nako Washambaa waliyapinga ya kwao mpaka yakafutwa kabla ya uhuru. Ukisoma historia ya vyama vya uhuru vya Afrika Mashariki unaambiwa habari za mikutano na hotuba. Jembe halitajwi sana.

Sasa angalia kalenda. Matuta yanakufa mwaka 1955. Mwaka 1959, miaka minne tu baadaye, Dar es Salaam inaanza kunywa Ruvu. Mji unajifunga kwa mrija kwenye mlima katika wakati ambao hakuna mtu anayethubutu kupanda mlimani kuzungumzia udongo. Baada ya uhuru nani angethubutu? Kiongozi wa kijiji angesimama kusema "tuchimbe matuta" halafu aitwe kibaraka? Machifu wakafutwa kisheria mwaka 1963. Mwaka 1972 hata serikali za mitaa zenyewe zikafutwa, ikaja Madaraka Mikoani, mpaka sheria za mwaka 1982 ziliporudisha halmashauri. Kwa kama miaka kumi hapakuwa na diwani wa kumfundisha hata kama mwalimu angepatikana.

Mlima haukusubiri. Februari 1970 mvua kubwa ya saa chache ilinyesha Mgeta, na milima ikaporomoka sehemu zaidi ya 1,000. Watafiti wa Dar es Salaam na Uppsala, akina Anders Rapp, Len Berry na Paul Temple, walikwenda kuhesabu makovu hayo na kuchapisha matokeo mwaka 1972. Karibu maporomoko yote yalianzia mashambani na kwenye majani ya malisho. Yaliyoanzia msituni yalikuwa machache sana. Nikisoma pale maktaba nilijikuta nasema kwa sauti, "Kumbe!", dada wa maktaba akaniangalia vibaya.

Kwa maana hiyo Waingereza walikuwa sahihi kuhusu ugonjwa. Udongo ulikuwa unakwenda kweli, na mto ulikuwa unaharibika kweli. Hili linawasumbua baadhi ya rafiki zangu wanaopenda historia iwe na mbaya mmoja na mwema mmoja. Mtu aliyeuawa Matombo hakufa kwa ujinga, na bwana shamba aliyelilia udongo hakuwa anasema uongo.

Lililonivutia zaidi lilitokea mwaka 2006 na miaka iliyofuata. Mashirika ya CARE na WWF yalikwenda Kibungo Juu, upande huo huo wa mto Ruvu, na wazo jingine. Walisema: anayekunywa chini amlipe anayelinda juu. Wakatafuta wanywaji wakubwa, na mwaka 2008 DAWASCO na Coca-Cola Kwanza wakatia saini makubaliano ya kuchangia. Wakulima walichagua njia za kuhifadhi shamba, na walilipwa kwa kazi waliyofanya. Mnajua baadhi yao walichimba nini? Fanya juu, fanya chini, na matuta ya ngazi. Ndiyo, yale yale! Wajukuu wa waliorusha mawe. Tofauti ni kwamba safari hii kulikuwa na samadi ya kurudisha rutuba, kulikuwa na miti na majani ya kushika kingo, kulikuwa na mtu wa kumuuliza, na kulikuwa na hela, japo ndogo. Asiyetaka hakufikishwa barazani.

Sitaki kuupamba mpango ule. Ulikuwa wa vijiji vichache, wachangiaji walikuwa wawili, na ulitegemea fedha za wafadhili, nazo zina tarehe ya mwisho. Ruvu una maelfu ya wakulima. Lakini mimi nauona kama mara ya kwanza ambapo mnywaji wa Dar aliketi meza moja na mtu wa mlimani, badala ya kumtumia jumbe.

Leo sheria tunazo. Ipo ya ardhi ya vijiji ya mwaka 1999, ya mipango ya matumizi ya ardhi ya mwaka 2007, ya rasilimali za maji ya mwaka 2009. Bonde la Wami/Ruvu lina ofisi yake Morogoro tangu mwaka 2002. Misitu ya juu ya Uluguru ikawa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008. Na kwa sheria hizo anayeamua shamba liwe wapi, malisho wapi na makaburi wapi ni halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji. Yaani yule mzee wa hatua hamsini. Waziri hapangi pale, mzee ndiye anayepanga. Asipoelewa kwa nini kingo za mto zinahitaji majani, au akielewa lakini hana shamba jingine, sheria itabaki slaidi.

Na kinachongoja ni kikubwa. Mnakumbuka Oktoba 2022, mgawo wa maji, ndoo zinapanga foleni Dar nzima? Mwezi uliofuata ulisainiwa mkataba wa kujenga Bwawa la Kidunda kwenye Ruvu, la kubeba lita bilioni 190. Tumelisubiri kwa miongo. Bwawa lakini halina mdomo wa kutema. Tope linaloingia linakaa chini, mwaka baada ya mwaka, na kila pipa la tope ni pipa la maji ambalo halitakuwepo kiangazi. Pesa za ujenzi zinasomwa bungeni. Pesa za kumlipa mzee aache hatua kumi za majani kando ya mto sijaziona zikisomwa.

Nimalizie na semina, kwa sababu nilikuwa sijasema yote. Siku ya pili mtoa mada hakuwa na umeme. Projekta ikalala. Akasimama mmoja wa wale mabwana shamba wa nyuma, mtu wa makamo, akaomba dakika kumi. Alikuwa na chupa mbili kubwa za plastiki za maji, amezikata ubavuni kama mitumbwi. Moja ameijaza udongo mtupu, nyingine udongo wenye majani yaliyoota. Akazilaza kwenye meza kwa mteremko, chini ya kila mdomo wa chupa akaweka glasi, kisha akawaita wenyeviti wawili wamwage maji taratibu kwa kopo.

Glasi ya kwanza ikajaa mara moja, tope tupu. Ya pili ilikaa muda haina kitu, watu wakaanza kusema imeziba, halafu ikaanza kudondosha, tone, tone, maji unayoweza kuyanywa ukiwa na kiu sana. Wenyeviti waliacha viti vyao. Wakasogea wote mezani, wakaanza kubishana kwa Kiluguru, mimi sikuambulia neno. Mzee wa hatua hamsini aliinua ile glasi ya tope akaiangalia kwenye mwanga wa dirisha.

"Bwana shamba," akasema, "hayo majani umepanda upana gani?"

"Kama hatua tano tu, mzee, ukilinganisha na shamba lako."

"Hatua tano naweza."

Kisha akauliza kama anaweza kuondoka na zile chupa. Alipewa. Nilimwona stendi siku hiyo hiyo akipanda gari la Matombo, mfuko wa posho kwapani na mitumbwi yake miwili mkononi, anamgombeza kondakta asiimwage udongo.